Mjadala: almasi ya Cullinan irudi Afrika Kusini, au "zawadi" ibaki ilikopelekwa?

Mwanzisha mada

Mei 2023, Charles wa Tatu alipotawazwa mfalme wa Uingereza, alishika fimbo yenye almasi ya Cullinan I, kisha akatoka kanisani na taji lenye Cullinan II. Kila tukiuliza habari ya mawe haya, jibu ni moja: hayakuibwa, yalinunuliwa yakatolewa zawadi. Mimi nasema zawadi ile ni batili. Jiwe zima, kabla ya kukatwa kuwa vipande vyenye namba, lilipatikana tarehe 26 Januari 1905 katika mgodi wa Premier, Transvaal, koloni la Waingereza ambalo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, likiwa na karati 3,106. Hiyo ni gramu 621 hivi, uzito unaopita pakiti ya sukari ya nusu kilo. Mwaka 1907 serikali ya koloni ililinunua kwa pauni 150,000, ikampa mfalme wa Uingereza, Edward wa Saba, siku yake ya kuzaliwa. Waafrika, waliokuwa wengi na ndio walioshuka mgodini, hawakuwa na kura. Mgeni akikaribishwa sebuleni hapati haki ya kugawa vyombo vya mwenye nyumba. Anayepinga aje na hoja.

Wakili wa Upper Hill

Napinga nusu. Kwa sheria ya wakati ule mauzo yalikuwa halali na bunge la Transvaal lilipiga kura: 42 kwa 19. Ukienda mahakamani na hoja ya kura ya Waafrika, utakuwa umebomoa pia hatimiliki za mashamba na migodi yote ya wakati huo. Huenda inastahili kubomolewa, lakini hakuna hakimu atakayeanzia kwenye jiwe.

Tena tusiseme "Cullinan" kama kitu kimoja. Namba I na II ni za ufalme: mfalme anazishika kwa cheo chake, hawezi kuziuza wala kumwachia mwanawe mdogo. III na IV, na ndugu zao wadogo, ni mali binafsi ya familia. Mawe hayo yalibaki kwa kina Asscher, wachonga almasi wa Amsterdam, kama ujira wa kuchonga. Mengi yakanunuliwa na serikali ya Afrika Kusini na kupewa Malkia Mary mwaka 1910. Namba VI Edward alimnunulia mkewe. Malkia Elizabeth aliyarithi kutoka kwa nyanya yake, Mary, mwaka 1953. Kwa hiyo mna madai mawili, na mlango wa kubisha si mmoja.

Hapo hapo nawapa silaha. British Museum, makumbusho makuu ya London, hujitetea kwa sheria ya 1963 inayoizuia kutoa vitu vyake. Sheria hiyo haihusu vito vya kifalme vinavyotunzwa Tower of London hata kidogo. Wasije wakatuambia mikono yao imefungwa.

Sonara wa Ngara

Wakili ameeleza vizuri, ila nani ameuliza kinachorudi ni nini? Jiwe la 1905 halipo. Februari 1908 Joseph Asscher alichimba mfereji mdogo kwenye jiwe akitumia almasi nyingine, akaweka kisu cha chuma, akagonga. Mara ya kwanza kilichovunjika ni kisu. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote cha asili, lakini ina njia zake za ndani kama gogo lilivyo na nyuzi: ukigonga sambamba na njia inapasuka kwa pigo moja, ukikosea inameguka ovyo. Baada ya hapo mafundi watatu walisugua saa 14 kwa siku kwa muda wa miezi minane. Yakatoka mawe makubwa 9 na madogo 96, jumla karati 1,055 hivi. Takriban theluthi mbili ya uzito wa asili haikufika kwenye vito hivyo.

Almasi ya Koh-i-Noor, nayo iko Uingereza, ndiyo inaniuma zaidi. Ilichukuliwa Lahore mwaka 1849 kwa mkataba uliotiwa saini na mfalme mtoto wa miaka 10, Duleep Singh. Waingereza wakaona haing'ai kama walivyozoea, maana mafundi wa India huchonga kwa kulinda uzito. Mwaka 1852 wakaichonga upya London, ikashuka kutoka karati 191 hadi 105.6. Anayesema "tumeitunza" ajibu kwanza hizo karati 85 ziko wapi.

Msomaji wa historia

Kuhusu kutunza, hoja ya usalama ilikufa tarehe 19 Oktoba 2025. Wezi walipanda kwa ngazi ya lori hadi dirisha la makumbusho ya Louvre, Paris, mchana kweupe, wakaondoka na vito vinane vya kifalme vya Ufaransa. Mojawapo ni tiara ya Eugénie, aliyekuwa malkia wa Ufaransa, yenye lulu 212 na almasi karibu 2,000. Taji lake walilidondosha nje likapondeka.

Msisahau pia kwamba mwaka 1887 serikali ya Ufaransa yenyewe iliweka vito vingi vya wafalme wake mnadani. Hakuna aliyesema basi Wafaransa hawawezi kutunza chochote. Sisi lakini tunaombwa dhamana kabla hata ya kupewa.

Sonara wa Ngara

Naongezea kwa nini wizi wa namna ile ni msiba. Tiara za zamani hufungwa kwa fedha juu ya dhahabu. Platinamu ilishika kasi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwizi hauzi tiara. Anakunja makucha yanayoshika mawe, anayatoa moja moja, fremu anaiyeyusha. Jiwe kubwa likichongwa upya, vipimo na alama zake hubadilika, na hata aliyelishika jana hawezi kuapa kuwa ni lile.

Mwana wa Tana

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini tunalilia jiwe la Transvaal huku nyumbani kukiwa kimya. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Imekaa ghalani. Ngoma hiyo ndiyo ufalme wenyewe: ikilia, watu wanajua wana kiongozi. Cullinan haijawahi kuwa alama ya mfalme yeyote wa Afrika. Ilitoka ardhini ikapelekwa moja kwa moja Ulaya. Kama ni kupanga foleni, kilichotolewa mikononi mwa watu kitangulie kilichotolewa shimoni.

Na tusiambiwe hatuwezi. Siwa (baragumu la kifalme) ya Pate, ya pembe za ndovu, na ile ya Lamu ya shaba, zote ziko makumbusho ya Lamu hadi leo.

Mwanzisha mada

Foleni ya nini? Madai hayalani. Waasante wa Ghana hawakusubiri Wahindi wamalize. Mwaka 2024 vitu vyao 32 vilifika mji wao wa Kumasi kutoka makumbusho mawili ya London.

Mwana wa Tana

Vilifika kwa mkopo wa miaka mitatu, mkubwa wangu. Aliyekunyang'anya akikukopesha, amekutia saini ya pili. Afadhali mfano wa Ethiopia: taji moja la mfalme wao Tewodros, lililotwaliwa na Waingereza kwenye ngome yake ya Maqdala mwaka 1868, lilirudi kwa Malkia Zewditu enzi za George wa Tano wa Uingereza. Halikuwa la mkopo. Mfalme akitaka, anaweza.

Mhifadhi

Nawasikia, na namuunga mkono Mwana wa Tana: kitu kirudi moja kwa moja, si kwa mkopo. Lakini mjiandae kwa lisilosemwa. Almasi ikirudi inahitaji kioo, kufuli na bima. Ngoma ni mbao na ngozi. Makumbusho ya zamani yalikuwa yakipaka vitu vya aina hiyo arseniki ili kuua wadudu, na sumu hiyo haipotei hata baada ya miaka mia. Ngadji ikitua, isipigwe wala kushikwa kwa mikono mitupu kabla ya kupimwa kwa mashine ya eksirei inayosoma madini bila kukwangua. Sumu ikipatikana ndani ya ngozi, kuitoa yote ni vigumu mno.

Kisha kuna hewa. Mbao iliyozoea ghala kavu la London ikipelekwa ghafla kwenye unyevu wa Tana itavimba. Ikikaushwa tena itapasuka. Ipumzishwe ndani ya kreti lake, unyevu upandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Swali ambalo wazee wa Kipokomo wanapaswa kulijibu mapema ni hili: ikionekana ina sumu, watakubali ikae kwenye kioo makumbusho ya Nairobi pale Museum Hill, au watataka ipelekwe Tana hata kama haitapigwa?