Mama atiwe skrubu za kiuno kwa mkono au kwa kompyuta?

BintiKadutu: Jambo yenu wapendwa. Mama ana miaka 58, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kadutu. Pingili ya 4 ya kiuno imeteleza mbele juu ya ya 5. Akitembea kidogo miguu inawaka moto. Anatua beseni, anachuchumaa kando ya barabara mpaka ipoe. Daktari wa hapa Bukavu ataweka skrubu 4 za kuzishika pingili hizo, kwa mkono, akihakikisha kwa eksirei palepale mezani. Kigali wanatumia kompyuta, bei karibu mara mbili. Kaka anataka tuuze kiwanja. Naogopa apooze. Nisaidieni.

Muuguzi_Ibanda: Pole dada. Nimesaidia upasuaji huu mara nyingi. Skrubu hupita kwenye shingo ya mfupa ya kila pingili, yaani sehemu nyembamba inayounganisha mbele na nyuma yake. Kwa mkono, daktari hutoboa polepole, kisha huingiza kijiti chenye ncha butu na kupapasa kuta zote mpaka chini. Ukuta ukitoboka, mkono uliozoea unahisi. Kompyuta humwonyesha kwenye picha ya skana chombo kilipo, na kweli hukosea mara chache zaidi. Ila skrubu ikitoka nje chini ya milimita 2, mara nyingi haidhuru. Na kiunoni shingo hizo ni pana, skrubu ya milimita 6.5 inapata nafasi.

Kuhusu kupooza: uti wenyewe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Kwenye 4 na 5 kuna neva tu. Hatari ni ukuta wa ndani wa shingo hiyo kutoboka: neva ikiguswa, mguu unaweza kukosa nguvu, unyayo ukaning'inia. Si jambo dogo, lakini si mwili mzima. Angekuwa na mgongo uliopinda, au aliyewahi kupasuliwa hapo, ningesema Kigali bila kusita.

Mzee wa Bagira: Binti yangu, mimi nilifanyiwa kwa mkono. Skrubu zilikaa sawa, moja ikalegea baadaye kwa sababu mifupa yangu ni laini. Mama apimwe mifupa kwanza! Hilo hakuna kompyuta italiponya. Kiwanja kiacheni.

PichaNaSkana: Muulize daktari: amefanya wangapi mwaka huu? Umeme ukikatika katikati, jenereta inabeba na mashine ya eksirei? Mama akiamka na maumivu mapya ya mguu, atapigwa skana siku ileile? Akikasirikia maswali hayo, tafuteni mwingine.

BintiKadutu: Asanteni sana. Nimempigia, hakukasirika. Kesho saa nne tunaenda na picha zote, na kaka anakuja.