Gumzo la ukoo: nimepata chuo

Mimi: Shikamooni wazee wangu. Kabla hamjaskia kwa mtu mwingine naomba mskie kwangu, nimepata nafasi chuo, uuguzi, miaka minne, masomo yanaanza muhula ujao na kazini nshapeleka barua ya kuacha

Mjomba: Marahaba. Uuguzi?? We si mhasibu

Mama: Nimesoma mara mbili nikadhani simu imeharibika

Shangazi: Umri huo mwanangu ukakae dawati moja na vitoto vilivyomaliza shule juzi

Mimi: Hawaumi shangazi 😄

Kaka Mkubwa: Mi sipingi kusoma, napinga kuacha mshahara. Si usome jioni kama wenzio wanaosoma biashara, mchana kazini jioni darasani

Mimi: Uuguzi hauendi hivyo kaka. Nadharia sawa hata jioni utasoma, lakini wodini lazima uwepo mwenyewe, zamu ya asubuhi, ya mchana, ya usiku, msimamizi anakusainia masaa yako, masaa yakipungua humalizi kozi, na bila leseni huruhusiwi kufanya kazi ya unesi hata uwe na shahada tatu

Kitindamimba: Kwani Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza wa zamani, si naye mama yake na dada yake hawakutaka hata kuskia habari za unesi? Akaenda Ujerumani kujifunza 1851 ana miaka 31. Tena alikua mtu wa namba kama dada, ile michoro yake ya 1858 ndo iliwaonyesha wakubwa kwamba vita ya Crimea magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi

Mjomba: Soma mpaka mwisho kijana. Huyo babake alikuja kumpa posho pauni 500 kila mwaka. Dada yako nani atampa

Kaka Mkubwa: 😂😂 hapo ndo penyewe

Mimi: Haya tuongee hapohapo maana naona tunazunguka. Mkopo wa mshahara nimemaliza kuulipa kabla ya kuandika barua, maana ukiacha kazi na deni bado lipo riba haijui kama uko darasani. Ada ya mwaka wa kwanza ipo, wa pili ipo nusu. Kuna wafanyabiashara wawili nitaendelea kuwafungia hesabu mwisho wa mwezi. Takwimu na mawasiliano nilisoma chuo cha kwanza, matokeo nimewapelekea wayaangalie, wakikubali nasamehewa hayo masomo wakikataa nasoma upya. Na biolojia nimerudia mtihani wa sekondari mwaka jana, nyie mkidhani naenda mazoezi

Shangazi: Kumbe kile kibegi!!

Mimi: Ndo hicho shangazi. Sasa upande wenu. Ada ya mdogo wetu, dawa za mama, paa la mjomba, mtu akikwama, vyote vinapita kwangu. Dawa za mama ziko palepale. Vingine siwezi tena mpaka nimalize. Siombi ruhusa ya kusoma jamani, nawaambia mapema mjipange

Kaka Mkubwa: Hilo ungelisema mwanzo

Mimi: Ningelisema mwanzo mngeacha kuniuliza umri?

Mjomba: Na paa pia?

Mimi: Na paa mjomba

Mama: Nilishona nguo za watu usiku ili usome huo uhasibu. Leo unaniambia nilipoteza muda

Mimi: Hukupoteza mama, uhasibu ndo unanilipia hii kozi. Ila miaka yote hii nafunga hesabu za hospitali, bei ya kila sindano naijua, aliyechomwa hiyo sindano sijawahi kumuona. Na kazi yenyewe nusu inafanywa na programu siku hizi, mimi nabaki kuhakiki

Mama: Dawa nitanunua mwenyewe

*Mama ameondoka kwenye kikundi*

Shangazi: Mwacheni nampigia

Kaka Mkubwa: Sasa sikia. Ada ya dogo mi nabeba nusu. Nusu nyingine atafute kibarua, ana mikono

Kitindamimba: Eeh?? Na mimi ndo nilikua namtetea mtu hapa

Mjomba: Ndo ukome kutuletea historia

*Shangazi amemwongeza Mama*

Mama: Sijakubali. Nauliza tu, hizo zamu za usiku mtoto analala na nani

Mimi: Hilo sina jibu bado mama. Kwenye ratiba yao zamu za usiku ni kuanzia mwaka wa pili, wa kwanza ni mchana tu

Mama: Mwaka si mwingi

Mimi: Najua

Shangazi: Tutaongea hayo ana kwa ana sio huku, huku kila mtu anasoma

Kitindamimba: Kaka samahani, hiyo nusu ni ya ada peke yake au na hosteli