Mashoto na bunduki ya .22 ya bolti, nichukue ipi?

Wakuu habari, mimi ni mashoto, nataka bunduki ya bolti (ile unavuta komeo kwa mkono kila risasi) ya .22, yaani ya risasi ndogo, kwa ajili ya shabaha tu. Nyingi ninazoziona bolti iko kulia. Nizoee hivyohivyo au nisubiri ya kushoto?

—Kwanza mkuu, jipime jicho lipi lina nguvu. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kwa viganja, angalia kitu cha mbali macho yote wazi, halafu funga moja moja. Jicho ambalo bado linakiona ndo lenye nguvu. Kuna mashoto kibao jicho lao lenye nguvu ni la kulia, hao bora wajifunze bega la kulia tu mapema.

—Mi nilitumia ya kulia miaka kadhaa. Ukiwa umeilaza kwenye stendi wala haisumbui, mkono wa kushoto unabaki kwenye triga, wa kulia unavuta bolti, raha kabisa. Shida ni ukisimama, unaachia mkono unaoshikilia bunduki kila risasi, shabaha yote inavurugika. Na maganda yanarukia kulia yanakatiza mbele ya uso, so miwani ya kinga usiache hata siku moja. Angalia na kitako, kama kimechongewa shavu la mtu wa kulia utateseka bure.

—Za kushoto zipo bana, Savage Mark II na CZ 457 zote wametoa matoleo ya bolti kushoto, Anschütz pia ila hiyo jipange.

—Asanteni, nimejipima, jicho la kushoto. Nasubiri ya kushoto.