Mita 60 kutoka baharini: zinamlinda nani?

Mpangamiji (mwanzisha mada)
Wadau, kila baada ya dhoruba serikali za pwani hurudi kwenye dawa ileile: chora mstari, piga marufuku makazi upande wa bahari, hamisha watu. Sri Lanka ilichora mita 100 kusini na magharibi, mita 200 kaskazini na mashariki, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Tacloban, Ufilipino, ilitangaza mita 40 baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Hoja yangu ni kwamba mafuriko hayajui umbali, yanajua kimo. Pwani tambarare inayopanda mita 1 kwa kila mita 200, bahari ikiinuka mita 3 inaingia mita 600 ndani. Kwenye jabali la mita 8, nyumba iliyo mita 30 kutoka ukingoni haipati hata tone la maji hayo. Tufute mita, tuweke kimo. Nani anapinga?

Mhandisi wa pwani
Napinga nusu. Kimo ni cha mafuriko, umbali ni wa mmomonyoko, na vyote viwili vinahitajika. Umbali unahesabiwa hivi: chukua kasi ya ufukwe kuliwa kwa mwaka, zidisha kwa umri wa jengo, kisha ongeza kipande ambacho dhoruba moja inaweza kumega. Ufukwe unaoliwa sentimita 80 kwa mwaka, jengo la miaka 50, ni mita 40. Ongeza 15 za dhoruba, ni 55. Pwani ya jirani inaweza kutoa 20 au 120. Ndiyo maana namba moja kwa nchi nzima ni kosa.

Pimeni kuanzia mstari wa mimea ya kudumu. Mpimaji akifuata maji yalipofika, wakati wa maji mafu (yanayojaa kidogo) atapata mstari mmoja na wakati wa bamvua (yanayojaa sana) mwingine, na kesi mahakamani huanzia hapo. Kimo cha maji nacho kihesabiwe kuanzia bamvua kubwa. Juu yake ongezeni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake juu ya bahari, unaopimwa kwa hektopaskali: kila hektopaskali 1 inayoshuka hupandisha bahari takriban sentimita 1, kwa hiyo kimbunga cha hektopaskali 960 (kawaida ni takriban 1,013) kinaleta nusu mita hata kabla upepo haujasukuma maji. Kisha upepo, kisha mawimbi. Wengi huhesabu kana kwamba dhoruba itangoja maji yapwe.

Mshauri wa vyama vya wavuvi
Mnaipima nyumba kama sanduku. Mvuvi halali pwani kwa ukaidi. Injini na nyavu huibiwa usiku, maji yakijaa saa tisa usiku anapaswa kuwepo, na mama anayenunua samaki dikoni, mahali vyombo vinaposhusha samaki, anahitaji kufika kabla ya bei kupanda. Mpeleke kilomita 10 ndani, atajenga kibanda palepale ufukweni na sasa atakuwa na nyumba mbili, ile mbovu ikiwa ndiyo anayolala.

Makazi mapya ya kaskazini mwa Tacloban yalipokea watu maji ya bomba yakiwa bado hayajafika, na kazi zao zilibaki mjini. Sri Lanka wavuvi walizuiwa kujenga upya huku hoteli zikiruhusiwa kukarabati, na hasira hiyo ilichangia mstari kulegezwa. Kijiji cha Vunidogoloa huko Fiji kilihamia takriban kilomita 2 mwaka 2014, ndani ya ardhi ya ukoo wao wenyewe. Tofauti iko hapo.

Nikubali mstari kwa masharti haya: ghala la kufuli na mlinzi dikoni kabla ya kubomoa kibanda cha kwanza; maji yatiririke kabla ya familia ya kwanza kuhamia; hati miliki yenye majina ya mume na mke; na ardhi iliyoachwa isajiliwe kuwa ya umma, isigawiwe mwekezaji yeyote.

Mtaalamu wa mikoko
Ardhi hiyo ikiachwa wazi, msikimbilie kupanda mikoko na kudhani kimo cha maji kimepungua. Msitu wenye upana wa mita 100 unaweza kupunguza urefu wa mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Lakini bahari iliyoinuliwa na dhoruba hupungua sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita ya msitu. Miche ya mkoko ikipandwa kwenye tope linalofunikwa na maji karibu siku nzima hufa. Mstari wa mbele ni wa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko.

Mratibu wa maafa
Mmesahau njia ya tatu. Bangladesh kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, cha 1991 takriban 138,000, na Sidr cha 2007 maelfu machache. Pwani haikuhamishwa. Waliongeza majengo ya kukimbilia, wakajenga vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo (mtu haachi ng'ombe wake azame), na leo wana wahamasishaji wa kujitolea zaidi ya 70,000.

Kwa hiyo mimi ningepima dakika. Mzee anayetembea mita 40 kwa dakika anahitaji dakika 25 kumaliza kilomita 1; usiku, mvua ikinyesha, zidisha mara mbili. Nyumba ambayo mkazi wake hawezi kufika mahali pa juu ndani ya muda wa tahadhari ndiyo ihamishwe kwanza, iwe mita 30 au 500 kutoka baharini. Na tahadhari iwe kwa lugha ya watu: Tacloban wengi walisikia neno la kitaalamu la bahari kuinuliwa na dhoruba na hawakuelewa kuwa maji yangekuja kama ya tsunami.

Mhandisi wa pwani
Dakika nazikubali kwa kimbunga, kinachoonekana siku kadhaa kabla. Tsunami ya karibu haitoi hizo. Kisiwani Simeulue, Indonesia, mwaka 2004 watu walipanda vilima mara tu ardhi ilipotikisika, kwa simulizi za wazee kuhusu tsunami ya 1907, na waliokufa walikuwa wachache sana. Lakini vilima vilikuwa karibu. Kwenye pwani tambarare isiyo na kilima, Mratibu, utawapandisha wapi?

Mratibu wa maafa
Kwenye ghorofa la shule, la zege, sakafu ya juu ikiwa juu ya kimo ulichokihesabu, ngazi ziwe za nje na pana, funguo ziwe kwa watu watatu wanaoishi jirani. Pasipo jengo kama hilo, hapo nakubaliana na Mpangamiji: watu wasilale chini ya kimo hicho.