Mpira unapinda kulia kila nikishika draiva: je, mtu mzima alipie masomo ya swingi?

Mhasibu wa Bel-Air

Wakubwa na ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu kwenu nyote. Nilianza kucheza gofu nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, kwa sababu wenzangu wa kazini walikuwa wakizungumzia mambo yao mengi uwanjani nami nikabaki nje ya mazungumzo, na tangu hapo mchezo umenishika kuliko nilivyotarajia. Ninatumia mkono wa kulia. Fimbo fupi za chuma ninazipiga kwa namna inayoridhisha, lakini kila nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, mpira huondoka ukielekea kushoto kidogo, halafu ukiwa angani hukunja kulia na kuishia kwenye miti. Nimejaribu kulenga kushoto zaidi ili kuupa nafasi ya kupinda, na cha ajabu ni kwamba unapinda zaidi ya hapo awali.

Nimeangalia video nyingi kwenye simu. Mmoja anasema kichwa kisisogee hata kidogo, mwingine anasema kichwa kilichogandishwa ndicho chanzo cha matatizo yote. Kedi wangu, yaani anayenibebea mkoba wa fimbo, anasema tu kwamba ninainua macho mapema. Muuzaji naye ananishauri ninunue draiva mpya yenye kichwa kikubwa zaidi. Kuna mwalimu aliye tayari kunifundisha swingi, yaani namna ya kuzungusha fimbo, ila malipo yake si madogo, na mwanzoni mwa kiangazi tuna mashindano ya kirafiki ya idara yetu. Naomba kuuliza: je, masomo hayo yana faida ya kweli kwa mtu wa umri wangu, na nianze lini?

Mzee wa Kipushi

Ndugu Mhasibu, tuanze na huo mpira wenyewe, kwa sababu umeueleza vizuri, na maelezo yako yanatosha kuonyesha kinachotokea.

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mfupi mambo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu: uso wa fimbo unaelekea wapi, na fimbo yenyewe inapita katika njia gani. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira huondoka kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea pale uso ulipotazama. Vipimo vya rada vilipoingia viwanjani vilionyesha kwamba ni kinyume chake: mwelekeo wa kuanzia hutokana zaidi na uso wa fimbo, hasa kwa draiva, na kupinda hutokana na tofauti iliyopo kati ya uso na njia. Mpira wako unaanza kushoto kidogo, kwa hiyo uso wako unatazama kushoto kidogo ya lengo. Unapinda kulia, kwa hiyo njia ya fimbo inakata kushoto zaidi ya uso huo, yaani fimbo inatoka nje na kuingia ndani, ikipita mbele ya mwili wako.

Sasa utaona kwa nini kulenga kushoto kunakuharibia. Ukigeuza miguu na mabega kushoto, njia ya fimbo nayo inageuka kushoto zaidi. Mikono yako, kwa kuogopa kupeleka mpira huko kote, inauacha uso wazi, yaani ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, kuelekea lengo. Tofauti kati ya hivyo viwili inaongezeka, na mpira unapinda zaidi. Wachezaji wengi huzunguka katika duara hilo kwa miaka, kila msimu wakilenga mbali zaidi upande wa kushoto, na hakuna draiva ya dukani inayoweza kuwatoa humo. Hela ya huyo muuzaji ibaki mfukoni mwako.

Fimbo fupi hazikuonyeshi kosa hilo kwa sababu uso wake umelala zaidi, nao huuzungusha mpira kwa kuurudisha nyuma kwa nguvu kiasi kwamba mzunguko wa kando hauonekani sana. Kosa limo humo humo, limefichwa tu. Kwa hiyo usije ukaamini kwamba una swingi mbili, moja nzuri na nyingine mbaya.

Mwalimu anayejua kazi yake ataanza na mikono. Utazame mkono wako wa kushoto ukiwa umeshika fimbo: ikiwa unaona kifundo kimoja tu cha vidole, mkono umegeuka mno kushoto, na uso utafika wazi kwenye mpira. Ukigeuzwa hadi uone viwili au vitatu, uso huwa rahisi kufunga. Mshiko huo mpya utauchukia. Utahisi kana kwamba umeshika jembe la mtu mwingine.

Mama Kampemba

Nakubaliana na Mzee, na ningependa kumwongezea ndugu yetu jambo kuhusu huyo mwalimu, kwa kuwa mimi pia nilijifunza nikiwa mtu mzima, nikiwa na kazi na watoto.

Umri si kizuizi kikubwa. Kizuizi ni kwamba mtu mzima hulipa somo leo na kutaka kushinda kesho. Nick Faldo wa Uingereza alikuwa tayari mchezaji wa kulipwa mwenye ushindi mwingi alipokwenda kwa David Leadbetter, mwalimu aliyekulia Zimbabwe, mnamo 1985, ili swingi yake ivunjwe na kujengwa upya. Alipita kipindi kirefu akicheza vibaya kuliko zamani, na watu wakamsema sana, hadi aliposhinda Open ya Uingereza mnamo 1987 kule Muirfield, siku ya mwisho akimaliza kila shimo kati ya 18 kwa mapigo yaliyowekwa, bila kuzidi wala kupunguza. Yeye kazi yake ilikuwa gofu peke yake, kutwa nzima. Mimi na wewe tunapata Jumamosi asubuhi, ikiwa hakuna kilio wala harusi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize mwalimu maswali mawili. Kwanza, je, atakutazama ukipiga mipira kadhaa kabla ya kusema lolote? Anayeanza kurekebisha kabla hajaona mpira unakwenda wapi anafundisha swingi yake mwenyewe, hafundishi yako. Pili, je, utaondoka na jambo moja la kufanyia kazi, au kumi? Niliwahi kukaa na mtu aliyenirekebisha magoti, kiuno, kiwiko, kidevu na kupumua katika saa moja, na wiki iliyofuata sikuweza hata kuugusa mpira sawasawa. Nilimwacha kwa heshima nikatafuta mwingine, aliyekuwa mkimya zaidi.

Nashauri pia masomo yaachane, yasifuatane siku kwa siku. Wiki mbili au tatu kati ya somo na somo zinakupa nafasi ya kuzoesha mwili jambo jipya, na malipo nayo yanasambaa. Ukipata mwenzako wa kiwango chako, mnaweza kugawana saa moja. Utajifunza mengi ukimtazama yeye akirekebishwa.

Mchezaji wa Jumapili

Wakubwa, mtaniwia radhi, lakini naona mnampeleka ndugu huyu mbali. Katika uwanja unaotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 72, mapigo 36, yaani nusu nzima, yamehesabiwa kuwa ya kusukuma mpira kwenye grini, ile sehemu laini inayozunguka shimo, mawili kwa kila shimo. Draiva anaitumia mara kumi na nne kwa siku, pengine pungufu. Badala ya kumlipa mwalimu wa swingi, akae saa nzima kwenye grini ya mazoezi, ambako hatoi hata franka moja, naye atapunguza mapigo mengi kuliko kwa hiyo hesabu ya uso na njia.

Mama Kampemba

Ndugu yangu wa Jumapili, hesabu hiyo tuliisikia sote tulipoanza, na inavutia kwa sababu ni rahisi. Shida ni kwamba idadi ya mapigo haionyeshi ni wapi mtu anapoteza. Hata mchezaji bora duniani husukuma mara karibu thelathini kwa raundi, kwa hiyo mapigo mengi ya grini ni ya lazima kwa kila mmoja wetu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, alikusanya takwimu za mapigo mengi sana ya wachezaji wa kila kiwango, na akaona kwamba takriban theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu hutokana na mapigo ya mbali, yale yanayopigwa kutoka zaidi ya yadi 100, ambazo ni mita 91 hivi. Mpira ulioishia mitini unakugharimu pigo la kuutoa, na mara nyingine pigo la adhabu, kabla hata hujaiona grini.

Hata hivyo nakukubalia jambo moja: siku ambazo mwalimu hayupo, grini ya mazoezi haina gharama, na mgongo hauchoki.

Kedi wa Zamani

Heshima kwenu, baba na mama zangu. Nimebeba mikoba ya watu kwa miaka mingi kabla sijapata kazi nyingine, na naomba kuwatetea makedi kidogo. Tunapomwambia mchezaji kwamba ameinua macho, mara nyingi tunataja tunachokiona, si chanzo chake. Mwili ukikata kutoka nje kuja ndani, bega hupanda na kichwa hufuata. Ukimwambia azuie kichwa peke yake, atakizuia na mpira bado utapinda. Kedi anajua mpira ulikwenda wapi, anajua pia jinsi ardhi ilivyo. Kurekebisha swingi ni kazi nyingine, na afadhali mwalimu na kedi wasivutane juu ya mtu mmoja.

Kuhusu wakati wa kuanza, ningesema anza sasa, mvua zinapokwisha. Nyasi bado ni laini na fimbo ikigonga chini haikuumizi viwiko. Kufikia Julai na Agosti ardhi yetu inakuwa ngumu, mpira unadunda na kubingirika mbali, na mtu anadhani ameongeza nguvu. Asubuhi za Juni ni baridi kweli, mwili umekakamaa, hivyo pasha misuli moto vizuri au uombe somo la alasiri. Kumbukeni pia kwamba sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo mpira unasafiri mbali zaidi kidogo na kupinda pungufu. Mhasibu akialikwa siku moja kucheza Mombasa au Dar es Salaam, huo mpinde wake atauona mkubwa zaidi, na asidhani amerogwa.

Na katika hayo mashindano, usimwombe kedi asimame nyuma yako kwenye mstari wa lengo ili akupange. Tangu 2019 kanuni zinakataza kedi kusimama hapo kwa makusudi mchezaji anapoanza kuchukua nafasi ya kupiga. Ushauri wa kedi wako unaruhusiwa. Ushauri wa mwalimu wako aliyesimama pembeni hauruhusiwi.

Mhasibu wa Bel-Air

Asanteni sana, wakubwa. Jana jioni nilitazama mkono wangu wa kushoto kama Mzee alivyosema, na kwa kweli nilikiona kifundo kimoja tu. Nimekubaliana na mwalimu tuanze wiki ijayo, kila baada ya wiki mbili, na mwenzangu wa ofisini tutagawana naye saa. Limebaki swali moja: mashindano yakifika kabla mshiko mpya haujazoeleka, nirudie ule wa zamani kwa siku hiyo? Na je, nikijirekodi kwa simu nyumbani, nitaona lolote la maana?

Mzee wa Kipushi

Usirudie mshiko wa zamani, ndugu. Ukirudi nyuma siku moja, mikono itakuwa imepokea amri mbili, na mwalimu atalazimika kuanza tena. Siku ya mashindano acha draiva kwenye mkoba. Ukianzia na fimbo ya mbao namba 3, au hata chuma namba 5, utapoteza umbali, lakini mpira utabaki kwenye nyasi fupi, na kwa kuwa ardhi itakuwa imeshaanza kukauka utabingirika mbele kiasi cha kuridhisha.

Simu inafaa, mradi uiweke mahali sahihi. Ipo picha ya kutoka nyuma: simu iwe nyuma yako, upande ulio mbali na lengo, kwenye mstari unaopita mikononi mwako na kuelekea sambamba na lengo, na iwe kwenye kimo cha mikono. Ikisogea hatua moja tu kuelekea upande wa mpira au upande wa visigino, njia ya fimbo itaonekana tofauti na ilivyo, na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwa nao. Picha ya pili ni ya kutoka mbele ya kifua chako, nayo inaonyesha uzito unavyohama na mahali fimbo inapogusa chini. Tumia mwendo wa polepole, na mwonyeshe mwalimu video hizo mwanzoni mwa kila somo kabla hujapiga hata mpira mmoja.

Nyumbani piga nusu swingi tu, fimbo ianzie usawa wa kiuno na kuishia kiuno, na uangalie ncha ya kichwa cha fimbo baada ya kupita mpira. Ikiwa imesimama ikitazama juu, uso unafunga inavyotakiwa. Ikiwa uso mzima bado unatazama mawinguni, mshiko haujakaa, nawe usiongeze nguvu hadi ukae.