Sakafu ya Coaster ya kulala imeoza, niweke nini?

Msafiri_Shangani
Wakuu, habari za Mtwara. Coaster imefungwa vitanda na jiko, inapeleka wageni ufukwe wa Msimbati na Kilwa. Karibu na mlango sakafu inabonyea, laminenti imeumuka. Eneo ni mita 4.6 kwa 1.9. Fundi anashauri marumaru. Mnasemaje?

Fundi_Mikindani
Marumaru hapana, mkuu. Bodi ya gari inajipinda kila tairi likiingia shimoni, marumaru haijipindi, inapasuka. Na uzito: pamoja na gundi yake, eneo hilo linaweza kufika kilo 170. Chukua zulia la plastiki la milimita 2, robota la upana wa mita 2. Linaingia kipande kimoja, bila kiungo cha kupitisha maji.

Ila kwanza tafuta maji yanakoingilia. Mwagia kwa mpira ukianzia chini ya madirisha, panda polepole hadi paani, mtu akae ndani na tochi. Ukianza juu hutajua tundu ni lipi.

Seremala_Lindi
Naongeza hapo. Ng'oa plaiwudi yote, hata inayoonekana nzima, maana upande unaogusa bati ndio usiouona. Osha bati kwa maji ya bomba kabla ya rangi: chumvi ya Msimbati ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu, rangi inavimba na kutu inarudi. Kausha, brashi ya waya, kisha redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili.

Plaiwudi ya marini milimita 12. Vyuma vya chini vikiachana zaidi ya sentimita 40, tumia ya milimita 18. Zilaze kwa kukingama gari, zitakwenda plaiwudi 4. Kingo na matundu ya skrubu yote yapake epoksi, plaiwudi hunywea maji pembeni. Kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uone tenki, mabomba ya breki na nyaya. Silikoni inayonuka siki usiitie kabisa, asidi yake inakula bati.

Msafiri_Shangani
Ahsanteni sana. Vitanda virudi kabla ya zulia au baada?

Fundi_Mikindani
Baada, kwa kuwa hili linabandikwa. Zile mbao za plastiki zinazobanana zenyewe bila gundi ndizo hazitaki kuwekewa kabati juu: gari likifungwa juani zinatanuka, zikikosa nafasi zinainuka katikati.

Kata kielelezo kwa karatasi za mifuko ya saruji. Tandaza zulia juani lilainike. Gundi ya kontakti paka juu ya plaiwudi na mgongoni mwa zulia, subiri isishike kidole ndipo ulaze. Mtungi wa gesi utoe nje na milango yote iwe wazi, mvuke wa gundi hiyo unashika moto.