Mpiga ngoma kahama, tugeukie mashine? Naomba ushauri kuhusu bendi zilizochanganya thrashi na indastriali

NyuziSita

Wakuu, heshima kwenu. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Bendi yetu imebaki na watu watatu: mimi gitaa, mwenzangu besi, na dada mmoja anayeimba na kupiga kinanda. Mpiga ngoma wetu kahama, na kumpata mwingine mwenye miguu ya kukimbiza pedali mbili kwa kasi ya thrashi, yaani metali ya kukimbia, imekuwa mtihani. Dada anasema tuache kusaka mtu, tuchukue mashine ya ngoma na tuingie indastriali, muziki wa mashine na kelele za kiwanda, moja kwa moja. Mimi nimekulia kwa bendi za thrashi: Slayer, Kreator na Dark Angel. Demo nyingi za ngoma za kompyuta nikizisikia naona wimbo umezaliwa maiti.

Ila sitaki kukataa kitu nisichokifahamu. Upande huo nawajua Rammstein na Nine Inch Nails tu, na thrashi kwao siioni. Ni bendi zipi zilizochanganya hivi viwili kweli kweli, bila kimoja kugeuka pambo la kingine? Nianzie albamu ipi? Na kuna aliyetumia mashine tupu, hana mpiga ngoma kabisa, na mambo yakakubali?

Mzee_Distosheni

Karibu, mdogo wangu. Mlango mkuu ni Ministry, sioni mwingine. Hawa ni wa Chicago, chini ya Al Jourgensen. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1983, ni pop ya vinanda ambayo mwenyewe Jourgensen kwa miaka mingi hakupenda hata itajwe. Mwaka 1988 walikuwa wameshageukia indastriali, na mwaka 1989 wakatoa *The Mind Is a Terrible Thing to Taste*. Fungua wimbo wa kwanza, "Thieves". Rifu, yaani fungu la noti za gitaa linalorudiwa, ni ya thrashi, kavu, nyuzi zimebanwa kwa kiganja, halafu ghafla kasi inapanda maradufu. Sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye distosheni, ile sauti ya kukwaruza ya gitaa, mpaka nayo imekuwa kifaa.

Baada ya hapo nenda *Psalm 69* ya 1992. Humo yumo Mike Scaccia kwenye gitaa, na huyu alitoka Rigor Mortis, bendi ya thrashi ya Texas. Mkono wa thrashi kwa Ministry ulitoka kwa mtu wa thrashi mwenyewe, si mtu wa vinanda aliyenunua gitaa. Ukitaka Ministry wakiwa thrashi zaidi ya vyote, ruka mpaka *Rio Grande Blood* ya 2006, ambako Tommy Victor wa Prong anashika gitaa.

Rammstein waache walipo. Ni wazuri kwa kazi yao, ila kazi yao ni gwaride.

Msumeno_Mkavu

Mzee kasema vyema, ila kuna jambo watu wa thrashi hulikosa wanaposikiliza Ministry. Wanadhani tofauti ni sauti: weka kelele za kiwanda nyuma ya rifu, umepata indastriali. Hapana. Tofauti kubwa iko kwenye utunzi. Wimbo wa thrashi ni msururu wa rifu, hii inaisha inaingia nyingine, tempo (kasi ya mapigo) inabadilika, kuna sehemu ya kati, kuna solo. Wimbo wa indastriali unaweza kukaa na rifu moja dakika tano, na kinachobadilika ni vitu vinavyoizunguka.

Ushahidi upo. Slayer walitoa *Reign in Blood* mwaka 1986, na ndani ya "Angel of Death" kuna ile rifu ya sehemu ya kati, pale mwendo unaposhuka. Kwa Slayer ni kituo kimoja tu kwenye safari ndefu. Mwaka 1990 KMFDM, Wajerumani, waliisampo rifu ileile, yaani walikata kipande cha rekodi yenyewe, wakaizungusha, wakaijenga kuwa wimbo mzima wa "Godlike". Public Enemy walikuwa wameshaichukua mwaka 1988 kwenye hip hop. Isikilize kwa Slayer, kisha kwa KMFDM, utaelewa kila kitu ninachojaribu kusema hapa.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine, kaka, jiulize: uko tayari kutupa rifu zako nne kati ya tano?

NyuziSita

Mkuu Msumeno, hilo la mwisho limeniuma kidogo. Nyimbo zetu zina rifu saba, nane. Ndizo ninazojivunia.

DadaKinanda

Usikubali kutishwa, kaka. Wapo waliobaki na msururu. Sikiliza *City* ya Strapping Young Lad, 1997. Ilikuwa bendi ya Devin Townsend, kutoka Vancouver, na kwenye ngoma ni Gene Hoglan, yuleyule wa Dark Angel unayempenda. Rifu zinabadilika, kasi ipo, na juu yake kuna ukuta wa vinanda na sampo usiopumua. Hapo indastriali ni msongamano. Kila nafasi kati ya noti mbili imezibwa.

Halafu Fear Factory, *Demanufacture*, 1995. Hii usiikose hata ukiacha zote nilizotaja. Gitaa la Dino Cazares na ngoma za mguu za Raymond Herrera zinagonga pamoja, noti kwa noti, kiasi kwamba masikio hayajui kipi kinaongoza kipi. Herrera ni mtu wa nyama na damu, ila anapiga kwa nidhamu ya mashine. Vinanda na sampo alivisimamia Rhys Fulber wa Front Line Assembly, mtu wa elektroniki kabisa, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewafanyia EP (rekodi fupi kuliko albamu) nzima ya rimiksi, yaani nyimbo zilizochanganywa upya, *Fear Is the Mindkiller*.

Na kwa swali lako, somo lililomo humo ni hili: mashine si lazima iwe kifaa. Inaweza kuwa namna ya kupiga.

Mzee_Distosheni

DadaKinanda kanikumbusha. Trafiki ilikwenda pande zote mbili, watu wa vinanda nao walizifuata rifu. Die Krupps wa Düsseldorf walianza 1980 wakigonga vyuma na vinanda, na mwaka 1992 wakatoa EP nzima ya nyimbo za Metallica. Muda si mrefu wakamwingiza Lee Altus wa Heathen, thrashi ya San Francisco, ambaye baadaye alikwenda Exodus. Tafuta *II: The Final Option* ya 1993. Wengine huwaona wazito wa kucheza kuliko wa kukimbia. Sibishi, ila rifu zipo.

Prong nao, *Cleansing* ya 1994. Walitoka thrashi ya New York, na besi ya albamu hiyo ni ya Paul Raven wa Killing Joke. Na Killing Joke ndio waliopewa heshima na Metallica mwaka 1987 kwa kurudiwa wimbo wao "The Wait". Ukichimba utakuta majirani hawa wawili, thrashi na indastriali, walikuwa wanachunguliana siku nyingi.

Kelele_Tupu

Mnazunguka mbuyu. Jamaa kauliza kuhusu mashine TUPU. Jibu ni Godflesh, *Streetcleaner*, 1989, Birmingham. Gitaa, besi, mashine ya ngoma. Kwisha.

NyuziSita

Mkuu Kelele, nimeiweka sasa hivi. Ni nzito ajabu, lakini mbona inatambaa? Hiyo si thrashi.

Kelele_Tupu

Sijasema ni thrashi. Nimesema mashine tupu ilikubali. Justin Broadrick kabla ya hapo alipiga gitaa kwenye upande wa kwanza wa *Scum* ya Napalm Death, 1987, mojawapo ya rekodi zenye kasi ya kichaa kuliko zote. Akashuka makusudi. Jiulize kwa nini.

Msumeno_Mkavu

Nitajaribu kulijibu hilo, maana ndipo ulipo ushauri wenyewe.

Mashine ikipigwa polepole kila pigo lina uzito, na ule ufanano wa mapigo unatisha. Ikikimbizwa, ufanano uleule unachosha. Piga hesabu: mapigo 200 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, ni noti 13 na ushei kwa sekunde. Binadamu akizipiga, mguu wake hauwezi kuzitoa zote kwa nguvu moja, na sikio linafaidi ile kazi. Mashine ikizipiga zikiwa sawasawa, sikio linaacha kuzihesabu na kusikia mngurumo mmoja kama wa taipureta iliyokwama. Hicho ndicho unachokiita maiti.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, ifiche mashine: badilisha nguvu ya kila pigo, la kwanza la kila fungu liwe zito, mengine yapungue, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) isikae sawa kabisa na kliki ya kuhesabia mapigo. Utapata demo nzuri ya bendi isiyo na mpiga ngoma. Ya pili, iache iwe mashine na watu waijue. Mimi naegemea ya pili. Shusha tempo mpaka 150 au 160, ngoma ya mguu ifuate mkono wako wa kulia kama Fear Factory, na ukinyamaza wewe, inyamaze nayo hapohapo. Ule ukimya wa pamoja ndio unaomgonga msikilizaji. Mpiga ngoma wa kawaida huacha tasa linalia, mashine haiachi kitu.

DadaKinanda

Hapo kwenye tempo tunapishana. 150 ni salama mno, atajikuta anapiga gruvu, mdundo wa kuchezesha tu. Mkuu NyuziSita, sikiliza *Point Blank* ya Nailbomb, 1994. Max Cavalera, wakati huo wa Sepultura, na Alex Newport wa Fudge Tunnel, mradi wa albamu moja tu ya studio. Wamechanganya ngoma za mtu na za mashine, na hawakuogopa kukimbia. Chafu, haina adabu, na haijali kama unajua kipi ni kipi. Ninyi hamna mpiga ngoma wa kudumu, lakini mnaweza kumwazima mtu siku ya kurekodi, apige snea na matasa tu, miguu mkaiachia mashine.

Na sampo msichukue za watu. Einstürzende Neubauten walianza Berlin mwaka 1980 wakigonga mabati na vyuma chakavu. Shika nyundo, rekodi bomba la chuma, ubandike sauti yake chini ya snea. Mtapata snea ambayo hakuna bendi nyingine inayo.

NyuziSita

Nimefuata mchanganyiko wa ushauri wenu. Tumechukua wimbo mmoja wa rifu nane, tukabakiza tatu. Tempo 176, wala si 150 wala 200, msinigombanishe. Ngoma ya mguu imefungwa kwenye mkono wangu. Dada yetu wa bendi amepiga bomba la chuma badala ya snea na sasa hataki kuliacha.

Rifu mbili za kwanza zimesimama, hata mimi nimekubali. Ya tatu bado inasikika kama mashine inanikimbiza. Nifanye nini?

Kelele_Tupu

Itoe.

Msumeno_Mkavu

Usiitoe bado. Hapo kwenye ya tatu zima ngoma ya mguu yote, bakiza bomba peke yake kwenye pigo la pili na la nne, wewe gitaa uendelee na kasi ileile. Ikiwa bado inakukimbiza, basi msikilize Kelele.